Mpiga Picha, Mpigwa Picha na Mchuja Picha: Historia ya Uteuzi wa Picha za Kongo, 1904-2024

1. Utangulizi

Tarehe 11 Julai 2013, waasi wa kundi la ADF lenye asili ya Uganda walivamia Kamango, mji mdogo wa eneo la kichifu la Watalinga katika wilaya ya Beni, Kivu ya Kaskazini. Katika muda wa siku chache watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka na kuingia Bundibugyo nchini Uganda, na wengi wao wakapokewa katika kambi ya muda ya Bubukwanga. Wapiga picha wa mashirika ya habari na ya misaada waliwafuata huko. Kwa wasomaji wengi walio mbali, huo ndio uliokuwa mwanzo wa kulisikia jina la Kamango, na sura waliyoonyeshwa ilikuwa moja: foleni, turubai, mama aliyembeba mtoto mgongoni.

Picha hizo hazikuwa za uongo. Watu walikimbia kweli, na dunia ilistahili kuyajua hayo. Lakini Kamango ni pia mahali pa soko, pa shule, pa makanisa na pa mashamba ya kakao. Na picha za mambo hayo hazikupata njia pana kama ile iliyopitiwa na picha za wakimbizi. Tofauti hiyo haikuletwa na kamera, kwani kamera hupokea kila kinachowekwa mbele yake. Ililetwa na uteuzi uliofanywa baada ya kamera kufungwa.

Kiswahili kinatoa fununu nzuri kuhusu jambo hili. Lugha ina jina la mpiga picha, na bila taabu huweza kumtaja mpigwa picha. Mtu wa tatu, yule anayeketi katikati akiamua picha ipi ipite na ipi itupwe, hana jina lililozoeleka. Huitwa mhariri gazetini, mkaguzi serikalini, mwamuzi katika mashindano, msimamizi katika mtandao. Makala haya yanamwita mchuja picha, na yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya picha za Kongo haiwezi kuelezwa sawasawa bila yeye. Hoja yenyewe ni kuwa, kwa muda wa karne moja na zaidi, wenye chujio wamebadilika mara nyingi na vigezo vyao vimebadilika, lakini jambo moja limebadilika kidogo sana: mpigwa picha hakuwekewa kiti penye mchujo.

2. Maana ya mchujo

Mtu anayepepeta mchele kwa ungo anajua kwamba kazi yake ni ya aina mbili. Anatoa pumba na mawe, na wakati huo huo anaamua kipi ni chakula. Mchujo wa picha una tabia hiyo hiyo. Picha hupita katika milango isiyopungua minne kabla ya kumfikia mtazamaji. Mlango wa kwanza ni wa mpiga picha mwenyewe, anayechagua pa kuelekeza kamera. Wa pili ni wa mteuzi, anayechukua chache kutoka katika nyingi. Wa tatu ni wa mwandika maelezo, anayeamua mtu aitwe kwa jina lake, kwa kazi yake au kwa kabila lake. Wa nne ni wa mtunza kumbukumbu, anayeamua kitakachobaki baada ya miaka hamsini.

Wanahistoria wamezoea kuuliza kuhusu mlango wa kwanza: nani alipiga picha hii, lini na wapi? Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Picha iliyochapishwa ni ushahidi wa tukio, na vilevile ni ushahidi wa uamuzi. Mifano inayofuata inapitia milango mitatu ya mwisho.

3. Picha na kampeni: Baringa, 1904

Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alikuwa akiishi Baringa, katika msitu wa mpira wa Dola Huru ya Kongo iliyomilikiwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwezi Mei 1904 alipiga picha ya mtu aitwaye Nsala wa Wala, aliyeketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Mtoto huyo alikuwa ameuawa na walinzi wa kampuni ya mpira.

Mwaka huo huo Chama cha Mageuzi ya Kongo kiliundwa Uingereza, E. D. Morel akiwa miongoni mwa waasisi wake. Picha ya Nsala na nyinginezo zilitengenezwa kuwa slaidi za kioo, zikaonyeshwa kwa taa katika kumbi na makanisa ya Uingereza na Marekani, zikiambatana na maelezo ya kusomwa kwa sauti. Mark Twain, katika kijitabu chake cha mwaka 1905 kinachomkejeli Leopold, aliitaja kamera ya Kodak kuwa shahidi ambaye mfalme hakuweza kumhonga. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa dola ya Ubelgiji. Ni wazi kwamba picha peke yake haikumshinda mfalme. Ripoti, barua na ushuhuda wa watu vilikuwa na sehemu kubwa. Hata hivyo bila picha kampeni ingekosa nguvu iliyoipata.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, mchujo wa kampeni uliokoa maisha, na hivyo mchujo si uovu kwa asili yake. Pili, utaratibu wenyewe haukuwa na nafasi ya Nsala. Slaidi zilichaguliwa na kupangwa ili kumgusa msikilizaji wa Ulaya, na mpango huo ulihitaji Mwafrika anayeumia na Mzungu anayeokoa. Jina la Nsala limedumu kwa sababu liliandikwa pamoja na picha. Wengine wengi walioonyeshwa katika kumbi hizo walibaki kuwa viungo vya mwili visivyo na wenyewe.

4. Picha na dola: kutoka kadi za posta hadi Congopresse

Baada ya Ubelgiji kushika utawala, picha za Kongo ziliongezeka na mahitaji yake yakabadilika. Mwaka 1906, hata kabla ya makabidhiano, Vittorio Sella wa Italia alikuwa amekwisha kupiga picha za vilele vya Ruwenzori akiwa katika msafara wa Mtawala wa Abruzzi uliopanda kutoka upande wa Uganda. Huo ndio mlima unaosimama kusini mwa Kamango. Picha za Sella ni kazi kubwa ya sanaa na ya sayansi, na zinahusu theluji na mwamba. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni iliunda Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo baadaye ilipanuliwa hadi Ruwenzori na bonde la Semuliki. Tangu 1969 inaitwa Virunga. Katika picha nyingi zilizoitangaza hifadhi hiyo, nchi inaonekana kama haijapata kulimwa. Mtazamaji asingetambua kwamba wakulima na wavuvi walikuwa na madai yao juu ya ardhi hiyo.

Kasimu nyingine ya mchujo ilifanywa na soko. Casimir Zagourski, mzaliwa wa himaya ya Urusi mwenye asili ya Kipolandi, alifika Léopoldville mwaka 1924 akafungua studio. Mamia ya kadi zake za posta ziliuzwa chini ya jina lenye maana ya Afrika inayotoweka. Jina hilo lilikuwa kigezo tosha. Chochote kilichoonyesha Afrika inayobadilika, kama vile baiskeli, cherehani au miwani ya kusomea, hakikuwa na nafasi katika mfululizo ulioahidi kuonyesha kinachopotea. Zagourski alikuwa fundi hodari na picha zake bado zinatazamwa kwa manufaa; lakini aliyezisoma kama picha ya Kongo nzima alidanganyika.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili dola yenyewe ikashika chujio. Idara ya habari ya serikali ya koloni iliendesha wakala wa picha ulioitwa Congopresse, na jina la InforCongo likatumika pia kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Miongoni mwa wapiga picha wake walikuwa Henri Goldstein na Carlo Lamote, na mwaka 1956 aliajiriwa Joseph Makula, Mkongo. Picha zilipewa namba na maelezo, kisha zikasambazwa kwa magazeti na majarida. Mada zilizopendelewa zinajulikana: hospitali safi, darasa lililotulia, barabara mpya, familia ya Mkongo aliyesoma ikila mezani kwa uma na kisu. Ikiwa Zagourski aliondoa mabadiliko, Congopresse iliondoa kila kitu kisichokuwa maendeleo. Migomo, viboko na kazi ya kulazimishwa havikuwa na namba katika kabati hilo. Maelfu ya picha hizo leo yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na mtafiti anayezitumia hana budi kukumbuka kwamba anasoma kabati la ofisi ya uenezi.

Maelezo nayo yalichujwa. Mfano unaowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni wa mwaka 1955, Mfalme Baudouin alipozuru Kongo akiwa kijana wa miaka 24. Inasimuliwa kuwa watu walimwita Mwana Kitoko, yaani kijana mzuri. Jina lililoenezwa rasmi, na kupewa filamu ya André Cauvin ya mwaka huo, ni Bwana Kitoko. Herufi moja ilibadilika, na kijana akawa bwana. Picha ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuitazama.

Mchujo wa dola, hata hivyo, una kikomo. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Ambroise Boimbo alichomoa upanga wa Baudouin kutoka katika gari la wazi mjini Léopoldville. Aliyelinasa tendo hilo alikuwa Robert Lebeck, mpiga picha wa Kijerumani, na picha yake ikaenea duniani. Kwa miaka mingi ofisi ya habari ilikuwa imetoa maelfu ya picha za utulivu. Picha moja isiyopitia mlango wake iliyatia maelfu hayo mashakani.

5. Picha na soko la habari: Goma, 1994

Uhuru haukuuondoa mchujo, bali uliugawa. Wakati wa Zaire, 1971 hadi 1997, dola ilisimamia kwa ukali sura yake hadharani. Pembeni mwa dola, studio za mitaani zilikuwa na uhuru wa aina yake. Jean Depara alipiga picha za usiku wa Kinshasa. Ambroise Ngaimoko alifungua Studio 3Z mwaka 1971. Ndani ya studio mpigwa picha alikuwa pia mteja. Alichagua shati, mkao na rafiki wa kusimama naye, na picha isiyompendeza aliweza kuikataa. Katika historia nzima inayoelezwa hapa, hapo ndipo aliposogea karibu zaidi na kiti cha mchujaji. Miji ya mashariki kama Butembo na Beni ilikuwa na studio za namna hiyo pia, na albamu za nyumbani zilijaa kwa kazi yao. Ila albamu hizo zilibaki nyumbani, na nje ya nyumba sura ya mashariki ya Kongo iliendelea kuamuliwa na wengine.

Hilo lilionekana wazi mwezi Julai 1994. Wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Waandishi wa habari walikuwapo kwa wingi, uwanja wa ndege ulikuwa karibu, na picha zikatoka kwa kasi. Lakini mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda yalikuwa yameanza tangu Aprili mwaka huo na kuendelea hadi katikati ya Julai. Msanii Alfredo Jaar wa Chile, katika kazi aliyoifanya juu ya jarida la Newsweek, alipanga majalada ya wiki hizo kwa mfuatano na kuonyesha kwamba Rwanda haikupata jalada la mbele hadi tarehe 1 Agosti 1994, ilipofika zamu ya wakimbizi.

Matokeo ya mpangilio huo hayakuwa madogo. Mtazamaji aliyeona Goma kabla ya kuiona Rwanda alijifunza kisa kuanzia katikati. Aliona wahanga wa ugonjwa na hakuona kwamba ndani ya umati ule walikuwamo pia walioua, ambao baadaye walizitawala kambi. Kosa la namna hiyo halisahihishwi kwa kuongeza picha nyingine za kambi.

6. Picha na mtandao: chujio la wapenzi na chujio la ajira

Kuja kwa intaneti na kamera za kidijitali kulionekana kuvunja milango yote. Flickr ilianza mwaka 2004, na mwaka huo huo hazina huru ya Wikimedia Commons ikafunguliwa. Tangu 2014 kumekuwa na mashindano ya Wiki Loves Africa, ambayo mwaka wake wa kwanza yalihusu mapishi. Mtu yeyote mwenye kamera aliweza sasa kuwasilisha picha. Lakini penye uwasilishaji wa wote pana pia ukaguzi wa wengi, na katika makundi ya wapenzi wa picha kazi hiyo hufanywa na watu wanaojitolea.

Vigezo vyao ni vya busara kwa sehemu kubwa. Hukagua haki ya umiliki, ili picha ya mtu isiibwe. Hukagua ukali wa picha, mwanga wake na ukubwa wake. Huuliza kama ina faida ya elimu, na hukataa picha binafsi zisizo na matumizi kwa wengine. Ugumu unajitokeza vigezo hivyo vinapokutana na hali ya mahali kama Kamango. Picha iliyopigwa kwa simu ya bei nafuu mara nyingi husafiri kwa WhatsApp, kwa kuwa mtandao ni dhaifu na data ni ghali. WhatsApp huipunguza picha na kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, yaani tarehe, saa na aina ya kamera. Picha inapofika mwisho wa safari ni ndogo na haina taarifa. Kwa mkaguzi aliye mbali, hizo ndizo dalili za kawaida za picha iliyoibwa. Mgeni aliyepita na kamera ya gharama na mtandao wa hotelini hupeleka faili kubwa iliyokamilika, nayo hupokewa bila swali. Kanuni ni moja kwa wote, na hakuna aliyekusudia ubaguzi. Hata hivyo mwenyeji hushukiwa kuwa mwizi wa sura ya kijiji chake.

Sambamba na chujio la wapenzi limekuwapo chujio la ajira. Kuanzia 2019 kampuni ya Sama mjini Nairobi iliajiri wakaguzi wa maudhui ya Facebook kwa lugha kadhaa za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Kazi yao ilikuwa kutazama picha na video zilizolalamikiwa, zikiwamo za mauaji na mateso, na kuamua kwa sekunde chache zibaki au ziondolewe. Mwezi Mei 2022 Daniel Motaung, mkaguzi wa zamani kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi Nairobi kuhusu masharti ya kazi hiyo. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, na wakaguzi 184 wakaenda mahakamani. Mei mwaka huo wafanyakazi wa sekta hiyo walipiga kura mjini Nairobi kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa nchini humo. Mwishoni mwa 2024 ilitangazwa kwamba zaidi ya 140 kati yao wamepimwa na kukutwa na maradhi makali ya kiwewe.

Kwa mara ya kwanza mchuja picha alijitokeza hadharani, akiwa na mwili unaougua. Umuhimu wa kazi yake unaeleweka Beni kuliko mahali pengi. Tangu Oktoba 2014 wilaya hiyo imepata mauaji ya raia mfululizo, na picha za maiti zimekuwa zikipita kutoka simu hadi simu. Zikiachwa zote, familia hukutana na mzoga wa ndugu yao kabla ya kupewa habari, na picha ya mahali pengine huweza kupewa jina la Beni ili kuchochea kisasi. Zikifutwa zote, ushahidi wa uhalifu hupotea, na wauaji hushukuru. Hakuna kanuni ya mbali inayoweza kupima jambo hilo bila mtu anayejua lugha, mahali na majina ya watu.

7. Hitimisho

Mifano iliyotolewa inaonyesha wachujaji watano: kampeni, soko la kadi za posta, dola, jarida na mtandao. Kila mmoja alikuwa na kigezo chake na baadhi walikuwa na nia njema. Nia njema haikutosha, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewajibika kwa mpigwa picha.

Mabadiliko kadhaa ya karibuni yanafaa kutajwa. Mwaka 2020, kupitia tuzo ya Carmignac, mradi ulioongozwa na Finbarr O'Reilly ulikusanya kazi za wapiga picha wanaoishi Kongo, wakiwamo Moses Sawasawa na Arlette Bashizi. Huo ni uhamisho wa kamera, na ni hatua njema. Uhamisho wa chujio ni jambo jingine, nao bado umebaki nyuma. Unahitaji wakaguzi wanaojua Kiswahili cha Kongo, Kinande na Kitalinga. Unahitaji kanuni zinazomruhusu mwenyeji kuthibitisha picha yake kwa ushuhuda wa watu pale faili inaposhindwa. Na unahitaji vyuo vikuu vya eneo hili kuhifadhi albamu za nyumbani kabla hazijaungua au kuachwa njiani.

Kwa mwanafunzi wa historia, matokeo ya uchunguzi huu ni ya kazi ya kila siku. Mbele ya picha yoyote ya Kongo anapaswa kuongeza maswali matatu kwa yale aliyoyazoea: nani aliipitisha, nani aliandika maelezo yake, na zipi zilizolala kando yake zikakataliwa. Swali la mwisho ni gumu kuliko yote, maana zilizokataliwa mara nyingi hazikuhifadhiwa. Mtu anayekimbia risasi huchukua mtoto na chakula, hachukui albamu. Waliotoka Kamango Julai 2013 walipigwa picha upande wa pili wa mpaka siku hiyo hiyo au zilizofuata, na picha hizo zimehifadhiwa vizuri. Za harusi zao, za ubatizo na za mavuno ya kakao, walizokuwa wamezilipia wenyewe na kuzichagua wenyewe, zilibaki ndani ya nyumba walizoziacha wazi.